Njia ya Wasiokwenda Popote

Habari hii niliipata kwa mtu aliyeitembea kwa miguu yake, nami naitoa kama nilivyoipokea. Hasira tu ndiyo nimeongeza, na hiyo siiombei radhi.

Mtu mwenyewe ni Bi Zamda, tarishi mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa miguu katika vijiji vya mlimani kwao, mkoba begani, mvua inyeshe jua liwake, na siku alipostaafu wenzake walidhani atakaa barazani apumzishe magoti. Wapi! Miguu ilimwasha. Alikuwa na hamu moja aliyoificha tangu ujana, nayo ni kutembea safari ambayo ndani yake hamna barua ya mtu, njia ndefu kweli, mpaka mwisho wake. Ndipo aliposikia sifa za nchi ya Suranjema na Njia Ndefu inayoikata nchi hiyo toka pembe hadi pembe, ikipita katikati ya miji na vijiji kumi na vitano hadi mahali paitwapo Kikomo, ambapo inasemekana mtu akisimama huiona nchi yote aliyoipita. Jinsi alivyofika Suranjema haituhusu. Alifika.

Langoni alimkuta karani na daftari lake. Mbele yake kwenye foleni alisimama mwanamume mwenye gunia la mihogo kichwani. Karani akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba anakwenda sokoni, kijiji cha pili tu hapo. Karani akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari aliyebeba majibu mabaya, akamwonyesha kwa kalamu kinjia cha matope kilichopotelea nyuma ya vilima. Yule bwana hakubisha hata kidogo. Aligeuka na gunia lake akashika matope, na Bi Zamda akajiambia moyoni kwamba labda ana kosa lake.

Zamu yake ikafika. Akaulizwa anakwenda wapi, akasema mpaka Kikomo. Akaulizwa anakwenda kufanya nini.

"Sina la kufanya," akasema. "Natembea tu."

Loo, uso wa karani ukakunjuka! Alisimama, akampa mkono, akamwita mgeni wetu mpendwa, akambandika kifuani beji ya kijani iliyoandikwa NATEMBEA TU. Nyuma ya beji ilichapwa sheria ya nchi kwa herufi ndogo, na kwa kuwa Bi Zamda alikuwa mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, aliisoma palepale. Ilisema kwamba Njia Ndefu ni ya kila mtu, mwenyeji kwa mgeni, ilimradi haendi popote wala hana kazi huko anakokwenda. Mwenye kazi atumie Njia ya Wenye Kazi, ile ya matope.

Naomba muielewe sheria hii vizuri maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Njia Ndefu haikukatwa na serikali. Ilikatwa na nyayo za mababu wa watu walewale wa Suranjema, waliopeleka chumvi, waliopeleka mabibi harusi, waliopeleka maiti makaburini, kila mmoja na shughuli yake. Miguu yao ndiyo iliyoilaza ile ardhi ikawa laini kama kiganja. Halafu siku moja wakubwa wakaja wakaiona ilivyo nzuri, wakaunda Baraza la Njia, na Baraza likagundua kwamba njia nzuri namna ile inaharibiwa na watu wanaoihitaji.

Siku ya kwanza Bi Zamda alilala katika mji wa Fahari, akaalikwa kusikiliza kikao cha Baraza, maana wageni hualikwa. Wajumbe walikuwa wakijadili kama mwanamke aliyebeba ndoo ya maji anaweza kuhesabiwa kuwa anatembea. Msomi mmoja mwenye miwani alisimama, akaeleza kwa upole na kwa muda mrefu kwamba hawezi. Hoja yake ilikuwa kwamba pale kinachosafiri ni maji, mwanamke ni chombo tu, na chombo hakitembei bali hupelekwa. Wakampigia makofi. Mjumbe mwingine akauliza je, akiwa anarudi na ndoo tupu? Hilo likaonekana ni gumu, likaundiwa kamati. Wakahamia kwenye watoto wa shule, na hapo hawakuchelewa, kwani ilidhihirika kwamba shule ni mahali, na anayekwenda mahali anakwenda. Bi Zamda alicheka kidogo akidhani wanataniana. Jirani yake kwenye benchi akamtazama vibaya.

Sitaficha kwamba siku zilizofuata alifurahi. Njia ilikuwa imefagiliwa. Kila mwendo wa saa moja kulikuwa na benchi la kukalia na kibao cha kumwambia mgeni atazame upande gani. Vijiji alivyopita vilikuwa kimya, nyumba zimepakwa chokaa, hakuna moshi, hakuna nguo kambani, hakuna jembe lililoegemezwa ukutani. Nyuma ya kila safu ya nyumba ulisimama wigo mrefu wa matete. Barazani, katika kila kijiji, walikaa watu wawili waliovaa safi wakisuka mkeka na kutabasamu. Kwenye nyumba ya wageni ya tatu aliletewa kitabu cha maoni, na Bi Zamda, kwa mkono wake mzuri wa kiposta, akaandika: "Nimetembea siku nzima sikukutana na mtu mwenye mzigo. Roho yangu imetulia." Hata jina lake alilitia.

Siku ya tano alifika kijiji kiitwacho Utulivu wa Tisa. Zamani kiliitwa Kwamsase, lakini Baraza lilivipa vijiji vyote majina mapya, kuanzia Utulivu wa Kwanza, ili wageni wasijisumbue kuyashika. Hapo akapangiwa kulala kwa mwanamke aitwaye Mwasiti, mjane wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye aliyekuwa barazani akisuka mkeka. Bi Zamda akaupenda ule mkeka. Ulikuwa wa rangi tatu, umebaki shubiri moja kumalizika, akauliza kama akingoja kesho yake anaweza kuununua. Mwasiti akamjibu bila kuinua macho kwamba mkeka huo haumaliziki.

"Haumaliziki vipi, ndugu yangu?"

"Ukiisha, dada, utakuwa wa kuuzwa. Ukiwa wa kuuzwa, ni kazi. Tunasuka mchana mkitupita, jioni tunaufumua. Huu una miaka sita."

Akalisema hilo kama mtu anayekueleza kisima kiko upande gani. Bi Zamda akabaki ameshika ncha ya mkeka, hajui auachie au aendelee kuushika. Alipotaka kunawa uso akaonyeshwa mlango wa nyuma, akaufungua, akapita kwenye upenyo wa wigo wa matete, na hapo, jamani, ndipo alipoiona Kwamsase.

Kijiji kizima kilikuwa kule nyuma. Watu walijazana kati ya wigo na kilima, vyungu juu ya mkaa usiotoa moshi, nguo zimeanikwa juu ya majabali, mbuzi wamefungwa midomo kwa kamba za mgomba, wanaume wanachonga mipini kwa kukwaruza maana kugonga kunasikika. Kengele ikilia kuwa watembezi wanakuja, hata mazungumzo hukatwa, na mtu mwenye kikohozi hujifunika blanketi. Wote walimwona Bi Zamda na beji yake kifuani. Wakaanza kutabasamu, wote kwa pamoja, tabasamu lilelile la barazani. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuona aibu kama ile, na alitamani ardhi ipasuke.

Kati yao alikuwako Tunu, binti wa Mwasiti, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu hivi, mimba imeshuka chini kabisa, akitembea huku na huku na mkono kiunoni. Ni Tunu aliyezungumza. Alimwamkia Bi Zamda, akamkaribisha kigoda, akamweleza mambo yalivyo bila kutia chumvi. Zahanati iko Utulivu wa Kumi. Kwa Njia Ndefu ni mwendo wa saa moja na nusu, tena tambarare. Kwa Njia ya Wenye Kazi ni siku nzima na nusu ya pili, unazunguka vilima na kuvuka bwawa lenye tope la kiunoni. Mwaka jana, uchungu ulipomshika, alibebwa kwa machela kupitia kule. Alizaa katikati ya bwawa, machela imeshikiliwa juu na wanaume wanne, na mtoto wa kiume aliishi tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Safari hii mama yake alikwenda mapema kuomba ruhusa kwa Afisa Mandhari wa tarafa, Bwana Shaweji. Afisa akamsikiliza vizuri, akampa hata kiti. Akamuuliza binti anataka kwenda kufanya nini. Mwasiti akasema kujifungua. Bwana Shaweji akaandika neno hilo, akalipigia mstari, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba asingeweza kupata kazi iliyo kazi kuliko hiyo.

Mwasiti alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza. Akaongeza jambo moja tu, akimtazama Bi Zamda beji badala ya uso. Siku ile ya kuomba ruhusa, afisa alimfungulia kitabu cha maoni cha wageni, akamsomea waliyoandika, kwamba wanatembea siku nzima bila kukutana na mwenye mzigo na roho zao zinatulia. Akamuuliza Mwasiti kama anataka kuzivuruga roho za watu. Maneno aliyosomewa Mwasiti hayakuwa ya Bi Zamda, kwani yake yalikuwa na siku mbili tu. Lakini kuna mtu aliyaandika yaleyale kabla yake, na bila shaka kuna atakayeyaandika baada yake, na tofauti yao ni mwandiko.

Asubuhi yake, chai ikiwa bado vikombeni, chupa ya uzazi ya Tunu ikapasuka. Nyumba ikaingia heka heka ya kimyakimya, hakuna aliyepaza sauti, hata Tunu mwenyewe aliuma ncha ya khanga. Wanaume wakaleta machela. Mwasiti akaanza kuwafunga vitambaa miguuni kwa ajili ya tope. Bi Zamda aliwatazama. Akaivua beji, akaigeuza, akawasomea sheria kwa sauti. Njia ni ya kila mtu, mwenyeji kwa mgeni, ilimradi haendi popote. Akauliza ni nani kati yao aliyewahi kupita akisema anatembea tu.

Wakatazamana. Hakuna. Katika miaka yote hiyo hakuna mwenyeji hata mmoja aliyewahi kusema hivyo, kwa sababu kila aliyetaka kupita alikuwa na pa kwenda, na alipoulizwa alisema kweli. Watu wa Kwamsase hawakujua kusema uongo juu ya safari. Ukimuuliza mtu wa kule anakwenda wapi, anakwambia, na kama anakwenda kwa mkwewe kuomba unga, anakwambia na unga. Huo ndio ugonjwa wao, na Baraza liliujua, likajengea sheria juu yake.

Bi Zamda akapanga mambo kama alivyokuwa akipanga barua. Asibebwe mtu. Usichukuliwe mzigo, wala beseni, wala wembe, wala kitenge cha mtoto mkononi. Wanaume wabaki, maana wakiwa wengi itaonekana maandamano. Watembee wanawake, mikono mitupu, polepole, na akiulizwa mtu, jibu ni moja. Mwasiti alikataa. Alisema wakikamatwa kijiji kitafungiwa hata hicho kinjia cha matope. Tunu akamshika mkono, akamwambia, "Mama, bwawani sirudi. Nitazaa hapa hapa wigoni kama hutaki, lakini bwawani sirudi." Basi Mwasiti akafungua mlango wa mbele.

Walitoka wanawake kumi na saba, Tunu katikati, Bi Zamda mbele na beji yake. Kila mmoja alikuwa amejifunga khanga mbili juu ya nguo zake, maana hakuna sheria inayohesabu khanga. Kengele ililia, lakini mpiga kengele alipoona kwamba watu wa kijiji ndio watembezi alisahau kuiachia kamba. Wengine kati ya wale wanawake walikuwa hawajaikanyaga Njia tangu wakiwa wasichana. Mmoja wao, Mwahija, aliyemzidi Bi Zamda umri, alivua kandambili akazichomeka kwenye khanga ili aisikie ile ardhi.

Uchungu ulikuja mara kwa mara. Wakabuni njia. Sheria inamruhusu mtembezi kusimama kutazama mandhari, basi kila Tunu aliposhikwa, wanawake wote walisimama, wakamzunguka, wakaelekeza nyuso kwenye kilima na kukisifu. Walikisifu kile kilima mara kumi na moja. Tunu alikuwa ameinama katikati yao, mikono juu ya magoti, jasho linamdondoka puani, na kwa nje ungesikia tu watu wazima wakiambizana jinsi majani yalivyo mabichi. Binadamu anazaa, na wenzake wanalazimika kusifu majani!

Nusu ya njia wakafikiwa na Bwana Shaweji. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vimeng'aa, daftari kwapani, mpole wa kukera. Hakuwapigia kelele. Akaingia katikati ya kundi, akatembea sambamba na Tunu, akamsalimu, akamuuliza anakwenda wapi.

"Natembea tu," Tunu akasema.

Akamuuliza kama anafurahia. Tunu akasema anafurahia. Uchungu ukamjia pale pale, akasimama, wanawake wakageukia kilima, na Bwana Shaweji naye akageukia kilima, akakitazama kwa makini mpaka ulipopita, akaandika kitu. Bi Zamda akaomba kumpa maelezo, akakatazwa kwa adabu. Mgeni hana haja ya kujisumbua. Halafu afisa akafunga daftari akasema kwamba kwa kweli haoni kosa. Hawana mizigo, hawana haraka, wanatazama mandhari. Akasema atafuatana nao kidogo, maana na yeye ni muda mrefu hajatembea tu.

Bi Zamda akajua wamefaulu. Alijipongeza moyoni, masikini, akajiona ameikamata sheria mkia.

Zahanati ya Utulivu wa Kumi iko hatua ishirini tu kutoka kwenye Njia, mkono wa kulia, nyumba ya bati yenye kibaraza, na mkunga alikuwa amesimama kibarazani na aproni yake. Aliwaona kwa mbali. Mkunga huona kwa mwendo tu. Akaingia ndani mbio, akatoka na kitanda cha magurudumu, akakisimamisha mlangoni. Tunu alipokiona akaanza kulia, si kwa maumivu.

Bwana Shaweji akatangulia hatua mbili, akasimama kando ya njia upande wa zahanati, akanyoosha mkono kwa ukarimu kuelekea mbele, kule Njia inakoendelea.

"Karibuni, endeleeni," akasema. "Asiyekwenda popote hafiki. Mkisimama hapa mtakuwa mmefika, na mkiwa mmefika, basi tangu asubuhi mlikuwa mnakuja."

Wala hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mwalimu wa hesabu anayemwonyesha mtoto jibu. Sheria iliwaruhusu kutembea mpaka Kikomo, siku mbili kutoka pale, na kurudi, na kwenda tena, hata miaka mia. Ilichowakatalia ni zile hatua ishirini. Ningekuwa pale ningelitupa lile daftari mtoni na mwenyewe nikalifuata kulizamisha.

Wanawake wote kumi na saba wakamtazama Bi Zamda, kwani shauri lilikuwa lake. Aligeuza beji, akasoma tena zile herufi ndogo, akatafuta neno la kushika, hakuliona. Uongo aliowafundisha ndio uliowafungia mlango. Wangekuja wakisema kweli wangezuiwa nyumbani, na wamekuja wakisema uongo wanazuiwa kizingitini.

Na nyuma yao kundi la watembezi likafika, watu sita, wageni wenye kofia pana na fimbo zao. Wakasimama kwa heshima. Mmoja wao akamnong'oneza Bwana Shaweji akiuliza kama hii ni ngoma ya kienyeji, na kama inaruhusiwa kutazama.

Tunu akapiga magoti chini. Mwasiti alikuwa nyuma yake, yule mwanamke wa maneno machache, aliyefumua mkeka mmoja miaka sita. Akapita mbele ya binti yake, akasimama uso kwa uso na afisa, na sauti aliyotoa ilisikika mpaka ng'ambo ya kijiji, mahali ambapo kwa miaka mingi haikuwahi kusikika sauti ya mtu.

"Binti yangu anazaa. Tunakwenda kwa mkunga. Tangu tulipotoka nyumbani tulikuwa tunakwenda kwa mkunga, na jana tulikuwa tunakwenda, na mwaka jana tulikuwa tunakwenda, na mjukuu wangu wa bwawani naye alikuwa anakwenda. Andika."

Kisha akamwinamia Tunu, akamshika kwapa la kulia, Mwahija akamshika la kushoto, na wakatoka njiani. Wengine wakawafuata wakivua khanga za juu na kuzikunjua wakiwa wanakimbia. Bwana Shaweji hakumzuia mtu. Kuzuia hakukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuandika, na aliandika kwa kasi, akiwahesabu mmoja mmoja jinsi walivyovuka ukingo, majina aliyoyajua na ambayo hakuyajua akaweka alama. Mlango wa zahanati ukafungwa.

Njia ikabaki nyeupe. Wale watembezi sita walikuwa wameshapita, wakiinamisha vichwa kwa adabu, na mmoja wao alisikika akisema ni bahati mbaya kwamba kelele zimewafukuza ndege. Alibaki Bi Zamda peke yake katikati ya Njia, na beji yake.

Bwana Shaweji akamgeukia, mpole vilevile. Akamwambia asihuzunike, yeye hana hatia. Ametembea tu, hajafika popote, shauri baya si kosa katika sheria za Suranjema. Kikomo ni siku mbili tu, hali ya hewa ni nzuri, na kwa kuwa wenyeji wa hapa watakuwa wanashughulikiwa, huko mbele kutakuwa na utulivu kuliko kawaida. Alimtakia matembezi mema. Bi Zamda aliitazama ile njia aliyoiota tangu ujana. Aliniambia bila kunificha kwamba hata dakika ile bado aliiona ni nzuri, na kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Walisimama hivyo muda mrefu, afisa akiyapanga majina yake upya kwa mwandiko safi. Chini kabisa akaandika jumla: waliotoka njiani, watu kumi na saba. Akapuliza wino.

Kutoka ndani ya zahanati kikasikika kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha mapafu mazima. Kikakatika, kikaanza tena kwa nguvu zaidi. Bi Zamda akashika mdomo. Bwana Shaweji akainua kichwa, akasikiliza mpaka akaridhika, akakata ile kumi na saba kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake akaandika kumi na nane.

Bi Zamda aliona. Akaja mpaka alipokuwa afisa, akaweka kidole chake cha kiposta juu ya ile tarakimu, wino ukiwa bado mbichi.

"Umekosea, mwanangu," akamwambia. "Andika kumi na tisa. Na mimi nakwenda hapo."

Akavuka ukingo, akahesabu hatua ishirini, akapiga hodi.